Organic Maps mjini Lamu: ramani ya punda, si ya gari

Mgeni akishuka boti itokayo Mokowe, upande wa bara, na kuingia mtaa wa Langoni, simu huwa iko mkononi, na hazipiti dakika tano simu hiyo inamwambia yuko baharini, au ndani ya ukuta wa msikiti, au kwenye usita (njia ya mtaani) wa pili. Wenyeji hucheka, kisha humwelekeza kwa kidole. Kosa hilo lina sababu zake. Organic Maps inalipunguza kiasi, na palipobaki hakuna apu itakayolimaliza.

Organic Maps ni apu ya bure ya Android na iPhone, haina matangazo, na ukishapakua ramani haikuulizi bando. Ramani yenyewe ni ya OpenStreetMap, ile ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo yeyote mwenye akaunti anaweza kuihariri. Unapakua eneo lako mara moja ukiwa na Wi-Fi. Baada ya hapo kutafuta, kupanga njia na kuweka alama kunafanyika ndani ya simu. Kwa mji ambao mtandao hukatika ukiingia tu baina ya kuta nene za matumbawe, hilo pekee linaipa haki ya kukaa kwenye simu.

Wengi huikosea hapo mwanzo kabisa. Simu yenye data huletewa na mtandao taarifa za mahali setilaiti zilipo. Isiyo na data lazima izisikilize setilaiti zenyewe: kila moja hurudia taarifa za njia yake kila baada ya sekunde 30, na orodha ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa yote. Kwa hiyo ifungue apu ungali kwenye gati la Mokowe, au botini ukiwa umekaa pasipo turubai, uiache imulike mpaka kiduara cha mahali ulipo kitulie na kuwa kidogo. Ukingoja mpaka uwe ndani ya mji, anga unaloliona ni ukanda mwembamba juu ya kichwa, na simu itahangaika.

Hata ikitulia, ndani ya Mji wa Kale mawimbi yanagonga kuta za nyumba za ghorofa mbili tatu kabla ya kuifikia simu. Njia ya mwendo inarefuka, simu inadhani iko mbali zaidi ya ilipo. Kosa la mita 20 si kitu kwenye barabara ya Malindi. Kwa Lamu ni usita mzima, pengine miwili. Basi zima sauti ya maelekezo, kwa sababu itakwambia ukate kushoto ukiwa umeshapita. Isome kama karatasi: hesabu njia panda, tazama majina ya misikiti, shika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kama uti wa mgongo, na ujue ukiteremka upande wowote wa mashariki utaishia baharini. Chagua mwendo wa miguu. Mwendo wa gari hauna kazi katika kisiwa ambacho foleni yake ni punda wawili waliokutana. Mshale ukielekea kinyume, zungusha simu mara kadhaa hewani kwa umbo la nambari nane ili dira ijirekebishe, na ufanye hivyo mbali na milango ya vyuma.

Ubora wa ramani hupanda na kushuka kulingana na mtaa. Ngome na uwanja wa Mkunguni, barabara ya ufukweni, msikiti wa Riyadha, hayo hayapotei. Ndani ndani, hasa Mkomani, utakuta kichochoro kinachokatika ghafla kwenye ramani hali kwa macho kinaendelea. Mara nyingi hapo juu pana wikio, chumba kinachovuka njia kutoka nyumba hadi nyumba. Aliyechora kwa picha ya setilaiti aliona paa tu, akadhani njia imeishia hapo.

Hapo ndipo habari ya kampuni kubwa inapoingia, maana watu huuliza: si Meta, Microsoft, Apple na Amazon wanahariri OpenStreetMap siku hizi, mbona hawajaumaliza mji huu mdogo? Wanahariri kweli, tena kwa wingi. Microsoft iliruhusu picha zake za Bing kuchorewa ramani tangu 2010. Meta ina mashine inayokisia barabara kutoka angani. Amazon huongeza vijia vya kuingilia majumbani kwa sababu madereva wake wa vifurushi wanavihitaji. Tazama lakini nani anavihitaji. Kazi ya kampuni hufuata gurudumu. Pasipo gari la kupeleka mizigo hapana faida ya kulipa mtu achore, na mashine inayokisia barabara haioni njia iliyo chini ya kivuli na wikio. Google nayo ilitoa mwaka 2021 hifadhi ya mamilioni ya majengo ya Afrika yaliyotambuliwa na kompyuta, kwa leseni inayoruhusu OpenStreetMap kuitumia, na ni kazi ya kushukuriwa. Ila mashine ya namna hiyo inatafuta kingo za paa, na pale nyumba zinapogusana ukuta kwa ukuta kingo hazionekani. Ukiyaingiza majengo hayo bila kuyakagua moja moja unaweza kupata mtaa mzima umekuwa jengo moja.

Je, waaminiwe? Wakenya wana mfano wa nyumbani. Mwaka 2012 Mocality, saraka ya biashara iliyokusanywa na watu wa kawaida kwa simu zao humu nchini, ilionyesha kwamba watu wanaofanya kazi kwa niaba ya Google walikuwa wakiingia kwenye hifadhi yake na kuwapigia simu wenye maduka. Google ikaomba radhi. Mwezi uleule OpenStreetMap ikagundua uharibifu wa ramani uliofanywa kutoka anwani za mtandao za Google nchini India. Kampuni ikasema ni wafanyakazi wawili wa mkataba, na hawako tena. Tukubali yote mawili hayakuagizwa na wakubwa. Kuna la tatu ambalo halikuwa utovu wa nidhamu wa mtu yeyote, lilikuwa uamuzi halali kabisa, na ndilo lenye funzo kubwa: Google Map Maker. Kuanzia 2008 watu wa kujitolea, wengi wao wa Afrika, walichora humo barabara na vijiji vyao. Tarehe 31 Machi 2017 ikafungwa. Walichochora kikabaki ndani ya Google Maps, na wao wakabaki bila njia ya kukichukua kukipeleka kwingine. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2018, bei ya kuweka ramani ya Google kwenye tovuti ikabadilika: kutoka ramani 25,000 za bure kwa siku hadi mkopo wa dola 200 kwa mwezi, unaotosha ramani kama 28,000 hivi kwa mwezi mzima. Waliokuwa wamejenga juu yake walilipa au walihama.

Kwa hiyo swali la kuwaamini ni la pili. La kwanza ni hili: wakiondoka kesho, mkononi mwako kinabaki nini? OpenStreetMap ina jibu lililoandikwa. Tangu Septemba 2012 data yake iko chini ya leseni ya ODbL. Unaweza kuipakua yote, ya Kenya peke yake au ya dunia nzima, ukaitumia hata kibiashara, kwa masharti mawili makubwa: utaje chanzo, na ukijenga hifadhidata nyingine kutokana nayo ukaitoa hadharani, nayo iwe wazi kwa leseni ileile. Sharti la kwanza linaonekana jepesi lakini hata Apple ililikosa, Machi 2012, ilipotoa iPhoto ya simu yenye ramani ya OpenStreetMap pasipo kutaja jina, baadaye ikaliweka. Leo Apple ni miongoni mwa kampuni zinazohariri sana. Leseni haikuwafanya kuwa wema. Iliwafanya wawe na la kujibu.

Desemba 2022 Amazon, Meta, Microsoft na TomTom walianzisha Overture, hazina yao ya data ya ramani inayochota pia kutoka OpenStreetMap. Hakuna ubaya hapo. Sehemu zitokanazo na OpenStreetMap zinabaki na ODbL. Cha kuangalia ni data yao ya maduka na mahoteli, ambayo kwa sehemu kubwa inatoka Meta na Microsoft. Mwenye gesti akifungua ukurasa wake wa Facebook akabandika alama popote, alama hiyo husafiri vivyo hivyo. Usiimwage kwenye ramani ya Langoni kabla ya kupita kwa miguu. Na ulinzi wa mlango wa mbele ni jambo jingine: mwaka 2018, wiki chache kabla ya uchaguzi wa bodi ya OpenStreetMap, maombi 100 ya uanachama yaliingia kwa mpigo kutoka wafanyakazi wa kampuni moja. Tangu hapo jumuiya imekuwa macho zaidi.

Turudi kwenye apu, maana nayo ina nasaba. Ilizaliwa MapsWithMe, ikawa Maps.me, ikanunuliwa na Mail.Ru ya Urusi mwaka 2014, na msimbo wake ukafunguliwa 2015 kwa leseni ya Apache 2.0. Mwaka 2020 ikauzwa kwa Daegu Limited, wenye mali wapya wakaibadilisha kiasi cha kuwakasirisha watumiaji wa zamani. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, baadhi ya waanzilishi waliuchukua ulivyokuwa, na 2021 wakatoa Organic Maps. Mwaka 2025 ikajirudia: sehemu ya wachangiaji wa Organic Maps hawakuridhika na jinsi mradi unavyoendeshwa, wakauchukua msimbo wakatoa CoMaps. Wanaolalamika kwamba programu huria ni magomvi matupu wanaona nusu ya jambo. Mara zote mbili mtumiaji wa Lamu hakupoteza kichochoro hata kimoja, kwa sababu ramani haikuwa ya apu. Kasoro ya Apache 2.0 ni kwamba inaruhusu mtu auchukue msimbo na kuufunga asirudishe kitu; OsmAnd, mshindani wa karibu, ina leseni ya GPL ambayo hailegezi hivyo. OsmAnd ina mambo mengi zaidi, nayo ni nzito na menyu zake zinachosha. Ya Play Store inakupa ramani saba tu bila malipo. Ya F-Droid, duka la apu huria za Android, haina kikomo hicho.

Na F-Droid ndiko pa kuichukulia Organic Maps pia kama una Android. Agosti 2024 Google iliiondoa apu hii kwenye Play Store kwa madai ya masharti ya apu za familia, ikarudi baada ya siku chache. Msimbo ulikuwa huria, data ilikuwa huria, mlango ulikuwa wa mtu mwingine. Ukiwa na duka la pili kwenye simu hujali sana. Angalizo moja: apu uliyorushiwa na rafiki, au iliyotoka duka jingine, inaweza kuwa na sahihi tofauti, na Android itakataa kuisasisha juu ya ile ya kwanza. Inabidi ufute kwanza, na ukifuta alama zako zote huenda nayo. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote fungua orodha ya alama na njia, zitoe zote kama faili la KMZ, ulihifadhi nje ya simu. Faili hilohilo hufunguka kwenye CoMaps na OsmAnd.

Kurekebisha ramani kunawezekana ndani ya apu yenyewe, kwa kiwango chake. Gusa duka, chagua kuhariri, weka jina, simu na saa za kufungua, ingia kwa akaunti ya OpenStreetMap, basi. Badiliko linafika OpenStreetMap papo hapo likipata mtandao, lakini kwenye simu za wengine halionekani mpaka ramani mpya itolewe nao waipakue. Asiyeliona bado huweza kuliongeza tena, yakawa maduka mawili mahali pamoja. Mistari ya njia huwezi kuichora humo. Kwa maduka mengi kwa mpigo Every Door ni nyepesi zaidi, na StreetComplete ya Android hukuuliza maswali mafupi ukiwa umesimama mahali penyewe.

Kichochoro kipya kichorwe kwa programu za kuhariri OpenStreetMap: Vespucci kwenye simu, au JOSM kwenye laptopu. Anza na picha. Picha ya setilaiti mara nyingi imesogea mita kadhaa, na Bing na Esri hazisogei upande mmoja. Rekodi mwendo wako kwenye barabara ya ufukweni, ambako anga liko wazi, kwenda na kurudi, kisha sogeza picha mpaka ukingo wa barabara ulale juu ya rekodi. Ndipo uingie ndani. Rekodi ya ndani usiichore ilivyo, itakupitisha vyumbani mwa watu. Shika ncha mbili za kichochoro pale kinapokutana na njia kubwa, pima katikati kwa hatua au kwa futi ya fundi, na kona ziweke kwa kulinganisha na mapaa. Njia yenyewe ipewe lebo ya highway=footway. Penye wikio kata mstari mwanzo na mwisho wa kivuli, na kipande hicho kipe tunnel=building_passage; mstari hautakatika tena na apu itapitisha watu chini yake. Upana uandike kwa mita, width=1.5 kwa mfano, uliopimwa penye wembamba kuliko pote: mwenye punda aliyebeba shogi mbili za mchanga anauhitaji kuliko mtalii. Daka, kile kibaraza cha mlangoni, ni la mwenye nyumba, usilifanye benchi la umma. Majina ya wakaazi hayaingii kwenye ramani kabisa.

Majina ya njia yaandikwe kama yanavyosemwa, na la kiserikali kando. Usita wa Mui na Harambee Avenue ni njia moja. Jina moja likikosekana, anayelitafuta hapati kitu. Usinakili jina hata moja kutoka Google Maps, hata kama ni duka la mjomba wako. Uliza dukani. Kilichonakiliwa kikigunduliwa hufutwa pamoja na kazi halali iliyokuwa kwenye furushi lile la mabadiliko.

Kwa kutembea mjini Organic Maps inastahili nne kati ya tano. Kwa bahari, mbili, na moja kati ya hizo ni ya huruma. Inaonyesha visiwa, jeti na mistari ya vivuko iliyochorwa, ila haina vina vya maji wala jedwali la kupwa na kujaa. Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara, unaonekana samawati saa zote, na boti ya Pate isiyongoja maji itakaa topeni. Njia ya pwani ya kwenda Shela pia: siku za bamvua sehemu yake humezwa, na apu itaendelea kukuhesabia dakika kana kwamba ni barabara kavu. Mchoraji anaweza kuweka tidal=yes kwenye kipande hicho; apu haitakuzuia, lakini zipo nyingine zinazosoma.

Ukiomba njia kutoka Mokowe hadi Shela ikakwambia hakuna, usiilaumu apu mara moja. Fungua mahali hapo kwenye JOSM ukuze picha mpaka mwisho. Sababu ya kawaida ni gati lililochorwa likaishia nusu mita kabla ya barabara, au mstari wa kivuko ulioishia majini mbele ya gati. Kwa jicho vimegusana, kwa kompyuta ni visiwa viwili. Chagua nukta ya mwisho ya gati, bonyeza J ishike kwenye barabara. Nukta mbili zikiwa karibu karibu zichague zote ubonyeze M ziwe moja. Fanya vivyo hivyo upande wa pili, Lamu na Shela, pakia, usubiri ramani ya toleo lijalo, halafu uombe njia ileile tena.